Mzee Ojwang' na Sanaa ya Lafudhi

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili tumezoea kuanza na kitabu. Tunapotaja mhusika, aghalabu tunamaanisha mtu aliyeumbwa kwa wino: Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969), Juma na Kitaru wa Mashetani (1971), au Lanina wa Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981). Mwigizaji humwazima mhusika huyo mwili na sauti kwa muda wa onyesho, kisha taa huzimwa naye hutoweka, wala jina lake halionekani katika maandishi yetu. Insha hii inamhusu mwigizaji ambaye mhusika wake hasomwi kitabuni. Alimjenga kwa ulimi, mbele ya kamera, miaka nenda miaka rudi. Mwigizaji huyo ni Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'.

Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Kwa miongo kadhaa alionekana katika vipindi vya televisheni ya taifa, hasa Vitimbi na Vioja Mahakamani, akishirikiana na Mary Khavere, aliyeigiza kama mkewe, Mama Kayai. Wawili hao walizoeana mno kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini kuwa ni mke na mume hata nje ya kioo. Lakini kosa hilo la watazamaji ni dogo likilinganishwa na jingine: wengi waliamini kwamba Ojwang' alikuwa Mjaluo. Wanjau alikuwa Mkikuyu.

Jambo hili kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho, kisha likaachwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, hapa ndipo kazi inapoanzia. Dholuo haina kikwamizo sh, wala haina z na v. Kwa hiyo msemaji wake anapojifunza Kiswahili huelekea kusema 'samba' kwa shamba na 'suri' kwa zuri. Lakini Dholuo hutofautisha l na r bila taabu. Gikuyu ni kinyume chake: mfumo wake wa asili hautofautishi l na r, wala s na sh. Basi Mkikuyu anayetaka kumwigiza Mjaluo akizungumza Kiswahili anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kwanza, inampasa ajivue lafudhi yake mwenyewe, maana l moja ikiteleza na kuwa r, mhusika amekufa. Pili, inampasa avae lafudhi ya mwenzake, aharibu sauti zile tu ambazo mwenzake angeziharibu na kuzilinda zile ambazo mwenzake angezilinda. Hayo yote ayafanye huku akichekesha, akijibizana na Mama Kayai, na akikumbuka kisa kinaelekea wapi. Tukumbuke pia kwamba Kiswahili hakikuwa lugha mama ya yeyote kati ya hao wawili, si ya Wanjau wala ya Ojwang'. Mwanafonolojia angehitaji jedwali kueleza kanuni hizo. Wanjau alizitekeleza kwa sikio.

Nawajua wenzetu waliolalamika kwamba vipindi vya namna hii viliharibu Kiswahili. Malalamiko hayo yalikuwa na sababu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa. Mwalimu alishinda darasani akisahihisha matamshi, na jioni mwanafunzi akaketi mbele ya televisheni kumsikiliza Ojwang'. Hata hivyo, nadhani malalamiko hayo yalikosea shabaha. Lafudhi haichekeshi ila kwa anayeijua kawaida inayokiukwa. Mtoto aliyecheka aliposikia 'samba' alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba neno sahihi ni shamba. Kicheko chake kilikuwa mtihani aliofaulu bila kujua kuwa anatahiniwa.

Swali zito zaidi ni la maadili. Je, kumwigiza mtu wa kabila jingine kwa lafudhi yake si kumdhihaki? Yawezekana kabisa. Uchekeshaji wa Kenya umejaa waigizaji waliochukua lafudhi kama barakoa ya dukani: hawana mtu ndani yake, wana sauti tu, na kicheko kinaishia kwenye sauti hiyo. Kigezo ninachopendekeza ni hiki: tuiondoe lafudhi, kisha tutazame kama kuna mtu anayebaki. Kwa Ojwang', anabaki mzee mwenye majivuno na hila, mume anayejiona mkuu wa nyumba ilhali mkewe ndiye anayemshinda kwa hoja. Mzee huyo yupo Kisumu, yupo Nyeri, yupo Machakos. Lafudhi ilimpa kwao. Haikuwa kosa lake.

Ndiyo maana nayaona maisha ya kisanaa ya Wanjau kuwa na uzito kuliko anavyohesabiwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya, na Wakikuyu na Wajaluo walijikuta katika pande zinazohasimiana. Katika siku hizo jina na matamshi vilitosha kumtambulisha mtu, na utambulisho huo uliweza kumgharimu uhai. Sisemi kwamba kipindi cha vichekesho kingezuia umwagaji wa damu, hakikuzuia. Nasema kwamba katika nchi hiyohiyo alikuwapo Mkikuyu aliyeisikiliza sauti ya Mjaluo kwa makini mno hata Wajaluo wakamdhania kuwa wao. Kumsikiliza mtu kiasi hicho ni heshima, na ni heshima adimu.

Nchi haikumlipa kwa kadiri hiyo. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na ikabidi wasamaria wema wachange fedha za kumtibu. Sisi wa vyuoni tulikuwa na deni letu pia. Tunawafundisha wanafunzi kwamba katika fasihi simulizi fanani ni sehemu ya matini, kwamba utendi ulioandikwa bila sauti ya mtambaji umepungukiwa. Kanuni hiyo tumeisahau tulipofika kwenye televisheni. Kanda za Vitimbi zinastahili kuhifadhiwa, kunukuliwa kwa maandishi ya kifonetiki, na kuhakikiwa kama tunavyohakiki diwani. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ana hapa kazi ya miaka mingi: lafudhi kama mbinu ya uhusika, tofauti kati ya mwigizaji anayeazima lafudhi ya mbali na yule anayekuza ya kwao, na mipaka baina ya kuiga na kukejeli. Afanye hima, kwa maana waliofanya kazi pamoja na Wanjau na wanaoweza kueleza jinsi alivyojiandaa wanazidi kupungua, na kanda nazo hazidumu.