Sanduku la Vitabu Majengo



Wiki iliyopita tulisafiri hadi Nairobi kwa ndoa ya jamaa yetu, na baada ya sala ya Alasiri katika Msikiti wa Riyadha, Pumwani, tulialikwa nyumbani kwa bibi mmoja mjane wa mtaa wa Majengo. Msomaji wetu wa pwani akifika huko hatajiona mgeni. Jina la msikiti humkumbusha Riyadha ya Lamu, na nyumba za kale zilizosalia zina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miongoni mwa wenye nyumba wa mwanzo wanawake hawakuwa wachache.

Bibi, mbele ya mwanawe, alitutolea sanduku la bati la marehemu mumewe. Mlikuwa na Safina, Barzanji, tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na madaftari ya mkono wa marehemu mwenyewe.

"Watu huja kuviulizia, Sheikh," alisema. "Wengine walichukua wasirudishe, wala siwakumbuki ni nani. Sasa nimetia kufuli."

Mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, akadokeza kwa adabu kwamba kabati la chuo chake nalo limefungwa. Akienda kuomba huulizwa anataka kitabu gani. Naye atajuaje, ikiwa hajapata kuonyeshwa vilivyomo?

Tulinyamaza. Sisi wenyewe tulishika ufunguo wa kabati kama hilo kwa miaka tisa, tukidhani tunahifadhi, na hatukuandika hata ukurasa mmoja wa orodha.

Wala si kwamba hatukufundishwa. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliandika Al-Fihrist mwaka 377 Hijria, yaani 987 Miladia, na vitabu vingi alivyovitaja leo havijulikani ila kwa mistari yake. Kwetu Afrika Mashariki, J.W.T. Allen alichapisha mwaka 1970 orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hati zilizokuwa zimelala majumbani mwa watu. Tangu hapo mwanafunzi aliweza kuitaja hati aitakayo. Hata hati za Riyadha ya Lamu zimepigwa picha na kuorodheshwa chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza, na mtu aliye London huzifungua kwa simu. Binti wa Majengo hana njia ya kuifikia Safina iliyo hatua mia kutoka mlangoni pake.

Asubuhi yake tulifuatana naye na baba yake kwa miguu, tukapita Shauri Moyo na soko la Burma, tukavuka Barabara ya Jogoo hadi maktaba ya Kaloleni. Hilo ni tawi la McMillan, maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 na ambayo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Katika miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na wanawake wawili, limeyafufua majengo hayo kwa makubaliano na serikali ya kaunti. Njiani tulimweleza binti namba za Dewey, zinazotumiwa na maktaba nyingi za umma. Ukristo umepewa sehemu kubwa ya fungu la 200, na Uislamu wote, fiqhi, tafsiri na sira, umebanwa katika 297. Alicheka. Lakini alipofika aliijua namba ya kuulizia, wala hakuhitaji kumwomba mtu radhi.

Usiku ule alipiga mistari katika daftari la shule: namba, jina la kitabu, mwandishi, aliyeazima, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Bibi ndiye aliyeamua masharti. Vya kuchapwa vitaazimwa kwa majuma mawili, na wanawake watafunguliwa baada ya Adhuhuri. Vilivyoandikwa kwa mkono havitoki. Hadi saa nne vilikuwa vimeingia arubaini na saba, Barzanji nakala tatu.

Tulipoomba kuondoka na daftari moja la marehemu ili tulinakili, bibi alitikisa kichwa.

"Hilo ni la kusomewa hapa ukumbini, Sheikh."

Tukavua tena viatu, tukaketi mkekani. Binti akaandika jina letu na tarehe, kisha akaenda kuleta taa.