Mninga Ulitudekeza

Ukimpelekea seremala wa huku Minnesota ubao, haanzi kwa kuugonga wala kuunusa. Anatoa kifaa kidogo chenye sindano mbili, anazichomeka kwenye ubao, anasoma namba. Ikizidi kiwango chake, anakurudishia mzigo wako. Mbao za meza, makabati na vibao vya kukatia nyama hukaushwa kwanza kwenye tanuri mpaka maji yabaki asilimia 6 hadi 8. Sababu ni baridi. Miezi ya theluji nyumba hupashwa moto usiku na mchana, na hewa ya ndani hukauka hadi inapasua midomo ya watu, sembuse mbao.

Keko, Dar es Salaam, mambo ni mengine. Fundi anapiga randa na maranda yanatoka laini, mazito, yanashikana. Upepo ukipita hayapeperuki. Mbao bado ina maji. Lakini mteja ameshalipa nusu, harusi ni Jumamosi, na kitanda lazima kitoke. Nani atakaa miezi akisubiri mbao ikauke?

Kwa miaka mingi tuliponea hapo, na aliyetuokoa ni mti wenyewe. Mninga husinyaa kidogo mno unapokauka. Ukiutengeneza ukiwa na ubichi, bado unatulia, haujikunji, viungo haviachii. Makabati ya bibi zetu yalidumu, tukadhani ni ufundi mtupu. Sasa mninga umekuwa ghali, fundi yuleyule anapewa mkaratusi, anautendea vilevile, na kiangazi kikipita mlango umepinda na mwanga unaingia ubavuni. Lawama zote zinamwangukia fundi. Mimi nalaumu mazoea: mninga ulitudekeza, na mkaratusi haudekezi mtu.

Vyombo vya jikoni ni habari nyingine kabisa, na hapo sitaki kusikia kwamba nyumbani tumepitwa. Mwiko hauna kiungo, kinu hakina kiungo. Kila kimoja ni kipande kimoja cha mti. Kukichonga kingali kibichi ndiyo akili yenyewe: tezo inaingia bila ugomvi, kisha chombo kinawekwa kivulini kikauke taratibu. Huku watu wanalipia mafunzo ya mwisho wa wiki ili waelekezwe jambo hilohilo, kuchonga kijiko kwa kisu kutoka gogo bichi, ufundi wenye asili ya Skandinavia. Wanafurahi kama watoto. Nami nafurahi nao, ila moyoni najua mafundi wa kwetu ambao hawajawahi kulipwa hata senti kwa kulifundisha.

Ninachowaonea wivu wenzetu ni jinsi wanavyoeleza kwa nini mti huu na si ule. Ubao wa kukatia huwa wa mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, kwa kuwa ni mgumu na vinyweleo vyake ni vidogo mno. Mwaloni mwekundu wanaukwepa. Chukua kijiti chake kilichokatwa kufuata nyuzi, tumbukiza ncha moja kwenye maji ya sabuni, puliza ncha ya pili: mapovu yanatoka. Samaki ukimkatia juu ya mti kama huo, shombo linahamia ndani. Mwaloni mweupe vinyweleo vyake vimezibika, ndiyo maana unatengenezewa mapipa ya mvinyo.

Hesabu hiyo na kwetu ipo, ila imekaa mikononi mwa mafundi. Mwembe ni wa kinu, kigoda, hata ngalawa. Mpingo, ambao ugumu wake unapita mara mbili ule wa mepo na ambao ukiutupa majini unazama, unawasubiri wachonga vinyago na viwanda vya klarineti.

Unayebeba kigoda au mbuzi ya nazi kuja nayo huku kwenye baridi, hakikisha haina gome, ipake mafuta hasa pale nyuzi zilipokatwa, kisha iache ndani ya mfuko wa plastiki unaoufungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mbali na mashine ya joto. Na ukiagiza meza Keko ya mti usio mninga, mpe fundi pesa anunue mbao leo, azipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Meza utaichukua likizo ijayo.