Kofia ya Dohani na Gharama Yake



Wapendwa wasomaji, juma hili tafakari yangu itaanzia juu ya paa la nyumba na kuishia moyoni mwangu mwenyewe. Naomba mnivumilie, kwa kuwa yaliyomo katikati hayanipi sifa.

Ninyi mnaoishi huku Ufipa mnakijua kipupwe chetu. Laela iko kwenye uwanda wa juu, na ifikapo Juni na Julai mashamba ya mahindi yamekwisha kuvunwa, upepo wa kusini-mashariki hupita bila cha kuuzuia. Mgeni anayepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika akiwa amevaa shati jepesi, jioni ile ile huomba blanketi. Kwetu moto ndani ya nyumba si anasa.

Marehemu baba alikuwa mwashi. Ufundi wake aliupata kwa mabruda wa kimisionari, warithi wa wale Mapadre Weupe waliofika Karema mwaka 1885 na kupokea ngome iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Watu hao waliacha katika nchi hii majengo ya matofali ya kuchoma ambayo mengine yanasimama hadi leo. Baba alipojenga nyumba yake hapa Laela, aliweka sebuleni meko ya ukutani, na kutoka kwenye meko hayo akapandisha dohani ya matofali iliyotoboa paa na kupita mgongo wake. Juu kabisa aliweka kofia ya bati yenye miguu minne ya chuma. Sisi watoto tuliitumia kofia hiyo kama alama: ukitoka kisimani jioni na kuona moshi unatoka chini yake, ulijua kwamba mama amekwisha kurudi shambani.

Kofia ya dohani ni kitu kidogo, lakini kazi zake ni tatu. Huzuia mvua isimwagike katika meko. Huzuia ndege wasijenge viota. Na huzuia upepo usiusukume moshi kurudi chini. Pamoja na hayo yote, ni lazima iuache moshi upite. Fundi aliyeitengeneza upya alinionyesha hesabu yake, nami naiandika hapa kwa faida ya wengine. Tundu la dohani yetu ni inchi 8 kwa 8, yaani inchi za mraba 64. Nafasi iliyo wazi pande zote nne chini ya kofia isipungue eneo hilo. Kimahesabu miguu ya inchi 2 ingetosha, lakini kwa sababu ya masizi na upepo wetu, yeye huweka inchi 6.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, baada ya miaka mingi ya kutu, kofia ya baba iling'oka na kuanguka uani. Mama alinipigia simu siku hiyo hiyo. Nilimtafuta fundi, naye akaandika makadirio yake kwenye karatasi ya daftari: nusu ya bati bapa, shilingi 30,000, flatibaa, 14,000, wavu wa kuzuia ndege, 6,000, mfuko mmoja wa saruji, 19,000, kuchomelea, 15,000, ufundi na kibarua kwa siku mbili, 40,000. Jumla, shilingi 124,000.

Tuko watoto wanne, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kutoa 31,000. Nilipeleka makadirio hayo katika kundi letu la ukoo kwenye simu, na hapo yakaanza maneno. Mmoja alikuwa na ada za shule. Mwingine aliuliza kwa nini mzee mmoja anayeishi na mjukuu ahitaji dohani, wakati tumekwisha kumnunulia jiko la gesi. Wa tatu alisema bei ni ya kumwonea mtu aliye mjini. Na mimi, wapendwa? Mimi niliandika kwamba padre hana mshahara kama wao, na kwamba wakati ule nilikuwa katikati ya michango ya kengele mpya ya kanisa. Sentensi hiyo ilipokelewa kwa heshima, kama ambavyo sentensi za mapadre hupokelewa, na hakuna aliyeongeza neno.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Tukakubaliana njia ya gharama nafuu: kijana wa jirani alipewa shilingi 5,000, akapanda juu, akafunika mdomo wa dohani kwa kipande cha bati kuukuu na kukikandamiza kwa jiwe. Mvua haikuingia tena. Sote tuliridhika, na mimi nilijisifu moyoni kwamba tumeokoa shilingi 119,000.

Dohani iliyofunikwa mdomo si dohani tena. Mama alipowasha moto wa kipupwe mwaka huu, moshi ulijaa sebuleni, akauzima. Hakutuambia. Jiko la gesi lilimpikia ugali vizuri, lakini gesi ni ghali mno kwa mtu wa kijijini kuota moto usiku kucha. Basi akafanya kile ambacho wengi wetu tumewaona wazazi wakifanya: aliwasha jiko la mkaa uani, akasubiri moshi uishe, kisha akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba kwa kanga uwazi ulio chini ya mlango.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo hatari inapojificha. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivi kwamba mtu hukosa hewa huku akiendelea kupumua. Huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke.

Usiku mmoja wa Julai mjukuu aliamka akitapika. Alijaribu kumwamsha bibi yake, asiweze. Mtoto huyo wa miaka tisa alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akapiga kelele. Majirani waliwatoa wote wawili nje, wakawalaza kwenye baridi ile ile tuliyoiogopa, na baridi hiyo ndiyo iliyowaletea hewa safi. Mimi nilipata habari saa kumi alfajiri. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, siku hizi ni ya lami, nami sikuwa mbali nayo. Muda wa safari haukufika saa moja na nusu. Sikumbuki kama niliwahi kusafiri safari ndefu kuliko hiyo.

Nilimkuta mama amekwisha kupata fahamu, amelazwa kitandani hospitalini na kuwekewa oksijeni. Mbele ya muuguzi aliniita Padre, kama kawaida yake mbele za watu. Muuguzi alipotoka, alinishika mkono akasema: "Mwanangu, nisamehe. Sikutaka kuwasumbueni tena kwa habari za kofia."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu aliyekosewa ndiye aliyekuwa akiomba msamaha.

Baadaye nilipiga hesabu, kwa kuwa nilikuwa nimezipenda sana hesabu mwezi wa Oktoba. Gari la kukodi usiku ule, shilingi 60,000. Matibabu na dawa, 48,000. Nauli za ndugu zangu watatu waliokuja kwa haraka na kurudi makwao, 230,000. Jumla, shilingi 338,000, karibu mara tatu ya makadirio ya fundi. Na kofia tuliitengeneza vilevile mwezi wa Agosti, kwa shilingi 130,000, kwa kuwa bei ya saruji ilikuwa imepanda. Lakini sitaki msomaji adhani kwamba kosa letu lilikuwa kutojua hesabu. Hata kama tungeokoa fedha kweli, bado tungekuwa tumekosea.

Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Bwana anawakemea watu waliotumia neno Korbani: waliitangaza mali yao kuwa sadaka ya Mungu, na kwa njia hiyo wakajiona wamefunguliwa wajibu wa kuwasaidia baba na mama. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, nikiwaelekeza kidole Mafarisayo. Sikuwahi kufikiri kwamba Korbani yangu ingekuwa kengele. Kengele ni kitu chema, na waamini waliichangia kwa moyo safi. Ubaya ulikuwa kuitumia kama mlango wa kutokea.

Jambo jingine limenisumbua. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma hodari. Tanuri zao za kuyeyushia, ambazo huitwa malungu, zilifika kimo cha mita tatu hivi, na magofu ya baadhi yake bado yanaonekana katika nchi yetu. Tanuri hizo hazikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda kwa nguvu ya joto na kutokea mdomo wa juu uliokuwa wazi. Mivukuto ilihitajika baadaye tu, katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Basi watu ambao hawakuingia darasa la fizikia walijua kwamba moto unahitaji njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Sisi wajukuu wao, wenye vyeti, tuliweka jiwe juu ya mdomo wa dohani, tukaita hekima.

Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni jambo la kuungwa mkono. Lakini huku nyanda za juu moto haupiki tu, hupasha joto pia, na mzee aliyepewa mtungi wa gesi bado atatafuta mahali pa kuota usiku. Tumuulize anaota wapi.

Kwa hiyo nawaomba juma hili mfanye mambo mawili. Kwanza, asilale mtu chumbani na jiko la mkaa, hata kama limekolea vizuri, hata kama ni kwa saa moja. Pili, mkienda kuwasalimu wazazi, msiishie sebuleni kunywa chai. Tazameni paa, tazameni meko, ingieni chumbani wanapolala. Wazee wetu hawasemi.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa mama jioni. Fundi aliiacha kofia bila rangi, na bati jipya lilikuwa linang'aa. Moshi ulikuwa unatoka chini yake pande zote nne. Nilisimama uani kwa muda, hadi mjukuu akaja kuniuliza kwa nini siingii ndani.

Nawatakieni juma jema na lenye amani. Msinisahau katika sala zenu, wala msimsahau mama.