Safari ya kinga kando ya Lukuga

Wapenzi wanafunzi wenzetu, waalimu wetu, na Bwana Prefe,

Wengi wenu mmetuuliza ni njia gani nzuri ya kupita na kinga siku ya posho, wakati kazi ya shamba imekwisha na mtu anataka kupumua kidogo. Wengine wanatuuliza kwa kucheka: « Na ile mbuzi ya Lukuga, mliikula? » Leo tunajibu maulizo yote mawili. Hakukuwa mbuzi.

Tulikuwa wane: watatu wa mwaka wa mwisho, na mdogo mmoja ambaye alitusihi sana tumchukue. Tulitoka Kalemie mapema, jua halijapanda, kila mtu na chupa ya maji na mihogo ya kuchemsha. Hatukufuata barabara kubwa, sababu pale malori yanapita na vumbi inaingia mpaka katikati ya meno. Tulishika njia ndogo ya watu wa mashamba, inayokwenda upande wa magharibi, mara karibu na reli, mara karibu na mto. Reli hiyo, yenye kutoka Kabalo, ilifika kwenye ziwa mwaka 1915, na inafuata bonde la Lukuga, kwa maana bonde linashuka polepole. Kile kinachofaa treni kinafaa kinga pia. Lakini msipite juu ya reli yenyewe, hata kama treni si nyingi.

Udongo wa njia ni mwekundu, na vijiwe vidogo vidogo. Wakati wa jua ni ngumu sawa lami. Mvua ikinyesha, si kinga inayokubeba, ni wewe unaibeba. Mbele ya kutoka tulipunguza hewa kidogo ndani ya mipira, juu mpira uliojaa sana unarukaruka kwenye vijiwe kama panzi. Penye mchanga, usikate usukani kwa ghafula. Endelea kukanyaga tu, kinga itapita. Ukikutana na mama mwenye mzigo kichwani, wewe ndiye unashuka. Na ukikutana na papa anayesukuma kinga yenye gunia ya ndagala, ingia ndani ya majani. Yeye akisimama, ni kazi kubwa kuanza tena.

Kiisha mashamba, njia inaingia katika pori ya miombo. Kivuli ni kizuri, ndege wanalia, majani makavu yanavunjika chini ya mipira. Halafu miti inafunguka na unaona mto: matete, mitumbwi, mama wanaoloweka mihogo. Pale tulipumzika.

Mwalimu wetu wa jografia alitufundisha kwamba Lukuga ndio mto peke yake unaotoa maji ya ziwa Tanganyika. Cameron alifika kwenye mlango wake mwaka 1874. Stanley alifika mwaka 1876, akaukuta umezibwa na matete na matope. Lakini ziwa likapanda, na mwaka 1879 Hore, mtu wa meli aliyekuja na misioni ya London Missionary Society, akaona maji yanatoka kwa nguvu. Toka hapo yanakwenda kama kilometa 320 mpaka Lualaba, na mwisho baharini. Tulitupa jani ndani ya maji, tukalitazama likienda. Tulikuwa na furaha nyingi, kweli.

Wakati wa kurudi tulikuwa tumechelewa, na kapita wa internati hapendi kukosa apeli. Kuna mahali njia inashuka kwenye kijito, na juu ya kijito kuna magogo mawili tu. Mdogo alisimama pale juu, akasema: « Yaya, freni yangu haishike muzuri. Tushuke kwa miguu. » Tulimjibu: « Tunaenda tu, utafunga na kiatu. » Tukacheka. Akashuka.

Gurudumu la mbele liliingia katikati ya magogo. Alipotoka ndani ya kijito kidevu kilikuwa na damu, lakini hakulia juu ya kidevu. Alilia juu ya kinga. Kinga ile ilikuwa ya baba yake. Ndiyo inayopeleka ndagala kutoka ziwani mpaka vijijini na kurudi na unga wa mihogo. Ndiyo inayolipa masomo yake hapa.

Tulijaribu kunyoosha gurudumu na mawe, ikakataa. Tukaibeba mabegani, kwa zamu. Na ni njiani pale mbuzi ilizaliwa. Mmoja alisema: « Tuseme mbuzi ilikata njia. » Mwingine akaipa rangi nyeusi. Mwingine akaifunga kamba shingoni. Tulipofika mjini mbuzi ilikuwa na pembe, na mdogo alikuwa amefundishwa namna ya kuisimulia.

Papa alitazama gurudumu, kisha akatazama kidevu cha mtoto. Akasema: « Mungu ashukuriwe, mtoto ni muzima. Mbuzi ni nyama tu, haina akili. » Akatuletea maji ya kunawa, na mama akatupa bukari. Tulikula.

Usiku ule usingizi haukuja. Papa alikuwa amesamehe mbuzi, hakutusamehe sisi, sababu hakujua. Na mdogo alikuwa amesema uongo mbele ya baba yake kwa sababu wakubwa walimwagiza. Sisi ndio tunaosimamia sala ya asubuhi na kuandika majina ya wenye makosa.

Siku ya Mungu, kiisha ibada, tulirudi kwake. Tukasema: « Papa, hakukuwa mbuzi. Mtoto alituambia freni ni mbaya. Sisi tulisema twende. »

Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza: « Sisi, sisi. Kinywa kilichosema twende ni vinywa vitatu? »

Tukanyamaza. Kisha kapita akasogea mbele. Mkono unaoandika haya ndio mkono wake.

Papa hakupiga kelele. Alisema tu: « Gurudumu litatengenezwa. Lakini samaki hazingoje fundi. » Basi tulichanga feza ya gurudumu, na kwa ruhusa ya Bwana Prefe tulibeba ndagala zake siku mbili za posho, na kinga zetu, katika njia ile ile. Hapo ndipo tuliijua. Na gunia nyuma, hakuna mtu anayesikia ndege. Kila kijiwe kinaongea na mikono yako. Kile kilima tulichoshuka tukicheka, papa anakishuka kwa miguu, mwili wote unashika mzigo, na anafanya hivyo kila juma.

Ndugu, hatukuandika haya ili mwache kwenda. Nendeni, njia ni nzuri sana, na inafaa kichwa kilichochoka na masomo, zaidi sisi tunaongoja mtihani wa Serikali. Lakini shikeni mambo matatu. Freni inaangaliwa nyumbani, si juu ya kilima. Mwenye kinga dhaifu apite mbele, na wenye nguvu wamfuate, ndipo hakuna atakayemwacha. Na mdogo akisema « bado », mkubwa asimame, hata kama ni kapita, hata kama apeli inapigwa.

Mdogo wetu amepona. Kuna alama ndogo tu kwenye kidevu. Baba yake anapita na kinga yake. Mkikutana naye njiani, ingieni ndani ya majani, mumwamkie.

Na penye magogo mawili, shukeni kwa miguu.

Wenu katika Bwana,
Kapita wa internati