Njia ya Kushoto Ina Wenyewe

Jumapili jioni huku Uingereza, kwenye motowei ya M6, ukishaiacha Birmingham na kuelekea kaskazini, njia ya kushoto mara nyingi huwa tupu kwa mamia ya mita. Katikati kuna gari moja dogo linalokwenda maili 60 kwa saa. Halimpiti mtu, halijiandai kumpita mtu, limekaa tu. Wewe unakuja nyuma yake kwa maili 70, mwendo wa juu unaoruhusiwa, uko kushoto unakotakiwa kuwa. Ili umpite kihalali inabidi utoke kushoto uende katikati, utoke katikati uende kulia, umpite, urudi katikati, halafu urudi tena kushoto. Unahama njia mara nne, na kila mara unatazama vioo na kugeuza shingo kuangalia pale ambapo kioo hakifiki. Yote hayo kwa ajili ya mtu ambaye angesogea kidogo tu, kila mmoja angeendelea na safari yake.

Nimeishi huku Midlands miaka mingi, kazi yangu inanipitisha barabara hizi usiku na mchana, na jambo hili bado linanikera.

Kanuni yenyewe haina utata. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi Watanzania, na katika motowei zao, ambazo ya kwanza ilifunguliwa kando ya mji wa Preston Desemba 1958, utaratibu ni kwamba unakaa kushoto, njia nyingine ni za kupita wenzako, na ukishapita unarudi. Agosti 2013 polisi walipewa uwezo wa kumtoza dereva anayeng'ang'ania katikati faini ya papo kwa papo ya pauni 100 na kumwekea alama 3 kwenye leseni. Alama 12 ndani ya miaka mitatu zinatosha kukunyang'anya leseni, na hata kabla hujafika huko bima yako inaweza kupanda. Pamoja na hayo yote, watu hao wapo kila siku.

Anayeumia zaidi si mwenye gari dogo kama mimi. Ni dereva wa lori. Kwenye motowei yenye njia tatu au zaidi, lori la uzito wa zaidi ya tani 7.5 haliruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa. Juu ya hapo, malori makubwa yamefungwa kidhibiti mwendo, hayavuki kama maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90. Sasa fikiria dereva huyo amebeba mzigo unaosubiriwa bandarini, mbele yake katikati kuna mtu anakwenda maili 54. Kulia amekatazwa. Kumpita kwa kushoto kunaweza kumfikisha mahakamani kwa uendeshaji wa uzembe. Anabaki pale, na nyuma yake malori mengine yanajipanga.

Watu wa magari madogo hulalamika kwamba malori yakipitana yanaziba barabara, na ni kweli yanaziba. Lori linalokwenda maili 56 likitaka kulipita linalokwenda 55 linahitaji takriban mita 80 za nafasi ya ziada, ukihesabu urefu wa yote mawili na pengo la mbele na la nyuma. Kwa tofauti ya maili moja kwa saa hizo ni kama dakika tatu, na katika dakika tatu wameshakwenda karibu maili tatu wakiwa bega kwa bega. Lakini yule wa lori analipwa kwa saa zilizohesabiwa na sheria, mapumziko yake yamepangwa, na anapita ili afike. Mwenye gari dogo aliyekaa katikati hapiti mtu yeyote.

Nimewauliza wenzangu kazini kwa nini wanakaa pale. Majibu yao hayana kiburi nilichokitegemea. Wengi wanaogopa. Mama mmoja wa makamo, mtu mpole sana, aliniambia akirudi kushoto malori yanamfungia, halafu akitaka kutoka hakuna anayempisha. Mwingine alisema kushoto ndiko magari yanakoingilia kutoka barabara za pembeni, yeye hataki kukutana nayo. Hawa ni watu waliopata leseni Uingereza, nchi yenye mtihani wa udereva unaosifiwa duniani. Lakini mtihani huo wa barabarani hauendi motowei. Mpaka Juni 2018 mwanafunzi hakuruhusiwa hata kukanyaga motowei. Sasa anaruhusiwa akiwa na mwalimu aliyeidhinishwa na gari lenye breki mbili, ila halazimishwi. Mtu anafaulu leo kwenye mitaa ya Coventry, kesho anaingia M6 peke yake kati ya malori ya tani 44. Akikimbilia katikati na kuganda hapo, sishangai. Nakereka, ila sishangai.

Nayasema haya kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa huku kuna wimbo ambao nimechoka kuusikia: kwamba Wazungu wana nidhamu ya barabara na sisi hatuna. Video ya foleni ya Dar ikirushwa tu, maoni yanamiminika. Watu wanasema ni damu, ni ushamba, ni laana. Sikubaliani nao, na sababu yangu niliipata kwenye barabara ya Morogoro.

Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kama kilomita 19, kimepanuliwa kutoka njia mbili hadi nane. Ni barabara inayobeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na mabasi ya mikoani yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nilipokuwa likizo niliendesha humo nikiwa na mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma. Nilishika kushoto kama nilivyozoea. Tulipofika karibu na Mbezi daladala ikakata mbele yetu na kusimama, nusu kituoni nusu barabarani, konda akaruka kabla magurudumu hayajatulia. Nyuma yake bajaji mbili. Mbele kidogo bodaboda anakuja kwa upande wetu, kinyume, taa imewashwa, abiria amepakata mfuko wa saruji. Kisha mwanamke na watoto wawili wa shule wamesimama ukingoni mwa lami wakisubiri upenyo wa kuvuka njia zote hizo kwa miguu.

Mjomba alinitazama. "Anko, ukikaa huko hufiki Kibaha leo. Huko kuna wenyewe."

Alikuwa anasema kweli. Njia ya kushoto kwetu ni kituo cha daladala, ni kijiwe cha bodaboda, ni njia ya wapita kwa miguu, ni soko la ndizi, ni gereji ya lori lililokatika springi. Dereva anayehamia kulia na kubaki kulia, hata anapokwenda taratibu, amefundishwa na barabara yenyewe. Huku Uingereza kushoto ni kweupe kwa sababu kuna watu wamekatazwa kuwepo: wapita kwa miguu, baiskeli, pikipiki ndogo, matrekta, mifugo. Hakuna kituo cha basi kando ya motowei. Ukiharibikiwa kuna njia ya dharura pembeni, au mahali palipotengwa pa kukimbilia. Kwanza kushoto kulisafishwa, ndipo dereva akaambiwa akae kushoto.

Na anayesema hatuna nidhamu hajawahi kukaa kwenye kiti cha mbele cha lori usiku kati ya Mikumi na Iringa. Barabara ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, giza tupu, milima ya Kitonga mbele yako. Uko nyuma ya semitrela, huoni kitu. Dereva wa semitrela ndiye anayekutazamia. Akiwasha indiketa ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Ukishapita unampigia honi fupi ya asante naye anakujibu. Gari linalokuja mbele yako linawasha indiketa ya kulia ili ujue mwisho wa bodi lake uko wapi, nawe unawasha yako. Ukiona matawi mabichi yametandazwa kwenye lami, punguza mwendo, mbele kuna gari limekufa. Hakuna kitabu kilichoandika utaratibu huo, na una hatari zake, kwani unaweka roho yako mikononi mwa macho ya mtu usiyemjua. Hata hivyo ni nidhamu kamili, watu wanaitunza, na anayedanganya kwa indiketa hasahauliki upesi kwenye vituo vya malori. Ila ni nidhamu ya barabara ya njia mbili. Ya njia nane bado hatujafundishwa.

Taa nazo tunazisoma tofauti. Kwetu gari linalokuja mbele yako likikuwashia full linakuonya kwamba trafiki wako mbele na tochi yao ya kupima mwendo, na la nyuma likikuwashia linataka lipishwe. Uingereza mwongozo rasmi unasema taa ni za kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi, lakini karibu kila dereva anaziwasha kumwambia mwenzake apite. Mgeni aliyetoka nyumbani huwashiwa taa hapa akafunga breki akidhani anaonywa, kumbe anapishwa.

Kuna jambo moja ambalo sitalitetea hata kidogo, nalo ni kutanua. Foleni ya Kimara imesimama, watu wamejipanga, mtu mmoja na gari lake la vioo vyeusi anashuka kwenye vumbi, anapita magari mia, kisha anachomekea mbele kabisa na kumtolea macho anayekataa kumpisha. Wa pili anamfuata, wa tatu anamfuata, na sasa foleni moja imekuwa tatu na zote zinagombania mdomo mmoja. Hapo hakuna hoja ya daladala wala ya bodaboda. Huyo ameona wenzake wakingoja akaamua muda wao ni wa bure. Wengi wao ni watu waliosoma, waliosafiri, wanaojua kabisa.

Madhara yake yanaonekana gari la wagonjwa linapotaka kupita. Nimesikia king'ora kikilia pale pale mahali pamoja hadi nikapata uchungu wa tumbo, kwa sababu vumbi la pembeni, ambalo lingekuwa njia yake, lilikuwa limejaa watanuaji. Na gari hilo la wagonjwa lilipopata mwanya, magari madogo matatu yaliunga mkia nyuma yake. Ujerumani sheria inawataka madereva, foleni inapoanza tu kusuasua, wagawanyike: wa njia ya kushoto kabisa wasogee kushoto, wengine wote kulia, katikati pabaki uchochoro wa gari la wagonjwa, hata kama king'ora hakijasikika bado. Sisi tunajua kufanya hivyo. Msafara wa kiongozi ukipita barabara inafunguka yote. Mgonjwa aliye ndani ya lile gari jeupe anastahili kufunguliwa vivyo hivyo.

Wakenya wametupa mfano wa karibu wa kushoto kusafishwa kwanza. Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari Mei 2022. Juu kule hakuna kituo cha matatu, hakuna wapita kwa miguu, bodaboda na tuktuk haziruhusiwi. Nilipopitishwa humo na rafiki yangu, aliyekuwa akipigana na kila mtu pale chini kwenye Waiyaki Way, alipanda, akatulia kushoto bila kuambiwa. Hakukuwa na cha kukwepa.

Serikali yetu imekuwa na mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro. Ikijengwa, itakuwa mara ya kwanza kwa madereva wetu wengi kuendesha mahali ambapo kushoto hakuna mwenyewe mwingine. Naomba wahusika wasingoje mpaka utepe ukatwe. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinawafundisha madereva wa mabasi. Somo la njia nyingi liingie humo sasa, kwa vitendo, kwenye kipande cha Kimara alfajiri magari yakiwa machache. Shule za udereva zinazofundishia kwa magari ya kuchezea juu ya meza ya kipilefti ziongeze meza ya njia nne upande mmoja. Lori lizuiwe njia ya kulia kabisa, kwa vibao vikubwa vya Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo dereva wa Lubumbashi, wa Bujumbura na wa Dar wote wanaisoma.

Na kile kipande cha Kimara hadi Kibaha kisisahauliwe kwa sababu kimeshapanuliwa. Vituo vya daladala vichimbwe ndani zaidi, basi zima liingie na mkia wake. Bodaboda wapewe kijiwe chenye kivuli mbali na lami, kabla hawajafukuzwa na mgambo. Yule mama na watoto wake wajengewe daraja pale wanapovuka kweli, mbele ya shule, badala ya kuelekezwa kwenye daraja lililo mbali ambalo hawatalifikia na mabegi mgongoni saa kumi na mbili asubuhi.