Mji katika Kitendawili: Adabu Isiyoandikwa

Hapa Mandewa, mjini Singida, nimewasikiliza watoto wakitegeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Kile cha nyumba isiyo na mlango huteguliwa upesi: yai. Lakini wenzake wanaposhindwa, mtegaji hudai mji. Akipewa Manyoni hukataa. Akipewa Dar es Salaam hukubali, husimulia "safari" yake huko, ndipo hutoa jibu. Kanuni hii haikuandikwa na yeyote, nayo yalinda jambo kubwa: asiyejua hukiri pasipo kufedheheka, naye ajuaye huheshimiwa kabla ya kugawa maarifa yake. Vitabu vinavyochapisha fumbo na jibu lake ubavuni huhifadhi maneno tu. Kwa maoni yangu, mkusanyaji asiyeandika miji iliyotolewa ameiacha nusu ya kitendawili uwanjani.