Injini Haifikii Mzunguko Wake? Anza na Mkanda, Usianze na Pampu

Msimu wa kupura alizeti umefika, na simu nyingi ninazopokea zinasema jambo moja: "Bwana shamba, injini imeishiwa nguvu." Kabla hujamwita fundi afungue pampu, nisikilize kwanza. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na hela iliyopotea haikuwa yangu.

Kikundi kimoja cha akina mama wilayani Mkalama kilikuwa na mashine ya kupura inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, nguvu za farasi 15. Waliinunua kwa mkopo, na marejesho yalitegemea ada ya kila gunia. Siku hiyo kila wakilisha alizeti, injini inazubaa, moshi mweusi unatoka, ngoma inakwama. Niliitazama dakika kumi, nikasema: nozeli na pampu. Wakachanga, wakabadilisha. Injini ikawa vilevile. Mwenyekiti wao aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, tufanyeje?" Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nilirudi na takometa ya kuazima. Tulizima injini, tukavua mkanda, tukaiwasha bila mzigo. Ikafika mizunguko 2,200 kwa dakika, sawa na ilivyoandikwa kwenye kibao chake. Tuliporudisha mkanda na kulisha mashine, ikashuka hadi 1,400. Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo: "Kuna kitu mmebadilisha?" Kijana anayeiendesha akainamisha kichwa. Alikuwa ametoa puli ya inchi 4 kwenye injini na kufunga ya inchi 6, ili kazi iende haraka.

Fanya hesabu nami. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa puli yake, gawanya kwa puli ya ngoma. Ya ngoma ilikuwa inchi 11. Kwa puli ya 4, ngoma inazunguka mara 800 kwa dakika. Kwa puli ya 6, kijana alitarajia 1,200. Lakini mzigo uliishinda injini, na kwa mizunguko 1,400 ngoma ilipata kama 764 tu. Alitafuta kasi, akapata pungufu ya ile ya zamani, na dizeli ikaliwa zaidi.

Kumbuka pia tunapoishi. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 15 za kwenye kibao hubaki kama 13. Hakuna nguvu ya ziada ya kuchezea.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Uliza kilichobadilishwa tangu mashine ilipofanya kazi vizuri.
2. Zima, vua mkanda, washa bila mzigo. Isipofikia mzunguko wake hata hapo, angalia waya wa mafuta, springi ya gavana na filta ya dizeli.
3. Ikishuka kwenye mzigo na kutoa moshi mweusi, safisha kichujio cha hewa. Vumbi la kupura hukiziba upesi. Kisha pima puli.
4. Ikishuka bila moshi mweusi, huenda dizeli haifiki: filta imeziba au mpira unavuta hewa.
5. Injini ikiwa na kasi lakini ngoma inazubaa, na unasikia harufu ya mpira, mkanda unateleza.

Usiguse skrubu ya gavana iliyofungwa kwa lakiri ili kulazimisha kasi. Gurudumu zito la injini likizidishiwa mwendo linaweza kupasuka, na halichagui wa kumpiga.

Tulirudisha puli ya inchi 4, na jioni ile mashine ikapura bila kukwama. Pampu mpya bado iko pale. Ni nzima kabisa, na haikuhitajika. Marejesho ya mwezi ule yalichelewa kwa sababu yangu.

Leo, kabla hujaanza kazi, chukua rangi uandike ukubwa wa puli zote mbili kwenye fremu ya mashine yako. Siku ikizubaa, utakuwa na pa kuanzia.